Amina ya Dawati

Fomu ya kujiunga na shule ilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza ulikuwa wa majina, wa pili wa karo, wa tatu wa masharti, na huo wa tatu karibu kila mzazi aliusaini bila kusoma, vile sisi wote hubonyeza "nakubali" kwenye simu. Sharti moja lilisema mzazi anakubali mtoto wake ashiriki ibada na maombi yote ya shule, awe wa dini yoyote. Januari moja, mama Mwislamu aliyekuja kumwandikisha binti yake alisoma mpaka hapo, akasimamisha kalamu, akauliza, "Kushiriki ni kuketi hapo ama ni kuomba?" Sekretari akamjibu kwa upole kabisa: "Ni kitu kimoja, mama." Akasaini.

Nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi nikingoja boksi la chaki, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa mwalimu wa kibarua kwenye hiyo akademi ya kanisa huko Eastlands, Nairobi. Nilikuwa nimeacha chuo, sina cheti cha ualimu wala namba ya TSC, na nilifundisha Kiswahili, CRE na somo lolote ambalo mwenyewe hakuja siku hiyo. Jina la shule halina maana hapa, shule za aina hiyo ziko kila mtaa. Lakini swali la yule mama sijaacha kulifikiria. Chuoni tulikuwa na kozi nzima ya maadili, na sikumbuki swali hata moja lililokata hivyo. Na jibu la sekretari, kwa maoni yangu, si kweli.

Kwanza niwatendee haki wenye shule. Mzazi wa Nairobi hapeleki mtoto akademi ya kanisa kwa sababu ya Utatu Mtakatifu. Anafuata nidhamu, anafuata darasa lisilo na watoto themanini, anafuata mwalimu anayekuja kazini. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze 2003, shule za umma za mitaa yenye watu wengi zilifurika, na shule za mabati za watu binafsi zikaota kuanzia Mathare hadi Mukuru, nyingine zikianzia ndani ya kanisa lenyewe. Jumapili ni madhabahu, Jumatatu ni darasa la nne, na mabenchi ni yaleyale. Pasta ndiye direkta, mkewe ndiye mwalimu mkuu. Ni rahisi kuwacheka, ila watu hao walifungua mlango mahali ambapo serikali haikuwa imejenga hata choo. Wakisema "hapa sisi huomba asubuhi, usipopenda nenda kwingine", wana hoja. Nyumba ni yao.

Shida iko kwenye hilo neno "kwingine". Kwingine wapi? Pale mtaani palikuwa na shule ya umma iliyojaa hadi pomoni, akademi yetu, na akademi ya kanisa lingine yenye sharti kama letu. Shule ya Kiislamu ilikuwa mbali, matatu mbili asubuhi na mbili jioni, kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Mtu aliye na nafasi hiyo akisaini, ninachosoma kwenye sahihi yake ni kwamba anahitaji dawati. Habari za imani yake simwoni akizisema.

Kwetu jambo hili si geni. Nimezaliwa Ogwedhi, Migori, huko karibu na mpaka wa Trans Mara, ambako sokoni utasikia Kijaluo, Kikuria na Kimaasai kabla hujamaliza kununua nyanya. Ukitaka kujua kwa nini familia fulani ya kwetu ni Wasabato na jirani zao ni Wakatoliki, usiulize theolojia. Uliza ni shule gani ilikuwa karibu babu yao alipokuwa mvulana. Wasabato walifika Gendia, pale karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kufikia 1913 walikuwa na shule Kamagambo. Wakatoliki walishika Asumbi. Wamenonaiti walitoka upande wa Shirati, Tanzania, ambako misheni yao ilianza 1934, na kazi yao ikafika mpaka Ogwedhi. Dini ilienda umbali ambao mtoto angeweza kutembea asubuhi. Kwa Kijaluo Wakristo wa mwanzo waliitwa josomo, yaani watu wa kusoma. Kule Buganda waliitwa abasomi, maana ni hiyohiyo. Mtu aliyetaka kusoma tu, bila hayo mengine, hakuwa na jina lake.

Dana, nyanya yangu mzaa baba, alipenda kusimulia jinsi kaka yake alivyobatizwa. Mwalimu wa misheni alisema hakuna kuvuka darasa bila jina la ubatizo. Basi kijana akaenda mtoni asubuhi, akarudi na jina la nabii ambalo mama yake hakuweza kulitamka mpaka anakufa. "Alinunua daftari kwa jina," Dana alikuwa akisema, kisha anacheka mpaka anakohoa. Na Dana alikuwa Mkristo wa kweli, wa kufunga na kukesha. Bado alicheka. Alijua kaka yake alifanya biashara siku ile, na kwamba imani, kama ilikuja, ilikuja siku nyingine.

Oginga Odinga hakucheka. Alibatizwa akapewa majina Obadiah na Adonijah, baadaye akayaacha. Ilipofika zamu ya wanawe kubatizwa, alitaka wapewe majina ya mababu zao badala ya yale ya Kizungu na ya Biblia. Kanisa likagoma, naye akagoma, na mwishowe kanisa ndilo lililolegeza. Ameyaeleza mwenyewe katika Not Yet Uhuru, kitabu chake cha 1967. Watu husoma kisa hicho kama siasa ya ukoloni, na ni kweli. Mimi nakisoma pia kama swali la fomu: ni nini hasa ambacho shule na kanisa vina haki ya kudai mlangoni?

Mfano mgumu zaidi ni wa 1929, katika nchi ya Wakikuyu. Misheni kadhaa ziliwataka waumini na walimu wao waweke alama ya kidole gumba kuonyesha kwamba wamekataa tohara ya wasichana. Wengi walikataa kidole, wakatoa watoto shuleni, na vuguvugu la shule huru za Wakikuyu likakua kutokana na mgogoro huo. Kuhusu tohara yenyewe niko upande wa wamishenari, tena bila kusitasita. Ogwedhi ni jirani ya Kuria. Tunajua Desemba huwa na maana gani huko, na tunajua kuna shule na makanisa ambayo likizo ikifika hugeuka kuwa maficho ya wasichana wanaokimbia kisu. Ni imani iliyofungua yale mabweni. Kwa hivyo mtu asinielewe vibaya, sitaki shule isiyoamini chochote. Shule isiyoamini chochote ingemrudisha yule msichana nyumbani. Lakini kidole gumba cha 1929 hakikumfundisha mzazi kwa nini msichana asikatwe. Kilimfundisha kwamba dawati lina bei, na aliyeweza kupata dawati bila bei hiyo akaenda zake. Kumzuia mtu asimdhuru mtoto ni jambo moja, na nguvu inaruhusiwa. Kumfanya aamini ni jambo lingine, na hapo nguvu haifiki.

Mahakama zetu zimezunguka swali hili bila kulishika katikati. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubali hoja ya Wasabato kwamba wanafunzi wao waachwe huru siku ya Sabato, wasilazimishwe masomo na mitihani. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitupa uamuzi uliokuwa umewaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, shule ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Sababu ilikuwa ya kitaratibu, jinsi kesi ilivyoletwa, kwa hivyo swali lenyewe likabaki linaning'inia. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema Urastafari ni dini, na shule moja ya Kibra haikuwa na haki ya kumfukuza msichana kwa sababu ya rasta zake. Hizo kesi tatu ni za siku, kitambaa na nywele. Mdomo je? Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake, na kifungu cha 20 kinasema haki hizo zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake, kwa hivyo direkta wa akademi naye yumo. Lakini nani ataenda kortini kwa sababu binti yake alisema amina? Atapeleka ushahidi gani?

Yule binti aliingia darasa la sita. Kufikia muhula wa pili ndiye aliyekuwa mwombaji bora shuleni. Sisemi mzaha. Wengine walikuwa wakiguna maneno yaleyale kila asubuhi, yeye alijua mahali pa kupandisha sauti, mahali pa kunyamaza kidogo, mahali pa kutaja wagonjwa walio hospitalini na mayatima. Wageni wakija, hasa wale wenye uwezo wa kutoa pesa ya madirisha, direkta alimwita mbele ya paredi. Baada ya amina alikuwa akiwainamia wageni na kuwanong'onezea kwamba mtoto huyu kwao ni Waislamu. Wageni walifurahi sana.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilimuuliza huwa anafikiria nini akiwa pale mbele.

"Nisisahau mstari, mwalimu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani naswali."

Alisema hivyo kama anamsahihisha mtu aliyechanganya vitu viwili. Mbele ya paredi alikuwa na mistari, nyumbani alikuwa na swala. Tena angalia lugha yenyewe: kusali na kuswali ni neno moja lililotoka Uarabuni, likagawanyika Kiswahilini kufuata mlango unaoingilia, Wakristo wakabaki na lao na Waislamu na lao. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa anajua mpaka huo vizuri kuliko watu wazima waliochapisha fomu.

Sasa hoja yangu ni hii. Ukimlazimisha mtoto kujifunza kuzidisha, akachukia kila dakika, saba mara nane bado ni hamsini na sita. Chuki yake haiharibu jibu. Maombi hayako hivyo. Ukiyatoa hiari yanabaki maneno, na hilo si wazo la watu wasio na dini, ni wazo la dini zenyewe. Mtoto yeyote wa madrasa atakwambia swala bila nia haisihi. Na Yesu, kwa mujibu wa Mathayo, aliwakemea wanaosali wakisimama mahali pa kuonekana na watu, akawaambia wafuasi wake wajifungie chumbani. Paredi yetu ya saa moja na nusu ilikuwa nini kama si mahali pa kuonekana na watu? Kwa kipimo cha msikiti na kwa kipimo cha kanisa, kilichokuwa kikifanyika pale hakikuwa maombi. Halafu kuna swali la dhambi, ambalo mwalimu wa CRE hawezi kulikwepa: mtoto akimwambia Mungu maneno ambayo hayamaanishi, kwa sababu tumemwambia dawati lake liko hapo, uongo huo unaandikwa kwenye daftari la nani? Sioni jinsi ambavyo ungeandikwa kwenye la mtoto.

Na hata hivyo yule binti si yeye aliyepoteza zaidi. Yeye alikuwa na nyumbani, alikuwa na mkeka wake, alijua kwamba shuleni anaigiza. Waliopoteza ni watoto wa Kikristo. Kijana wa mzee wa kanisa aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari hakuwa na pa kwenda akaombe kwa kumaanisha. Maombi ya shule yalikuwa mstari, ya kanisani yalikuwa mstari, na aliyekuwa bora kuliko wote kwa mstari alikuwa mtu asiyeuamini. Watoto si wajinga. Walikuwa wakimwangalia yule msichana akipigiwa makofi, na walielewa kwamba kinachohesabiwa hapa ni sauti. Nimekutana na wengi wa rika langu waliopitia shule kama hizo Nairobi. Wengine wanaweza kuongoza ibada ya mazishi saa hii, bila maandalizi, na hawaamini hata neno moja. Hawana hasira na Mungu. Wanamjua kama mgeni wa heshima ambaye paredi husimama akipita.

Kuna hoja moja inayonisumbua, na ni ya mama yangu. Alipoona ninaandika haya alisema, "Kwani wewe ulijifunza kushukuru kwa kuhisi shukrani?" Ana haki. Tulifundishwa kusema asante kabla ya kujua shukrani ni nini. Mtoto humpa mgeni mkono kwanza, heshima inakuja baadaye, ikija. Aristotle alikuwa na wazo karibu na hilo: mtu huwa mwema kwa kutenda wema, kama vile fundi huwa fundi kwa kujenga. Basi mtoto naye ataombaje bila kuombeshwa kwanza?

Nimekaa na hoja hiyo muda mrefu, na nadhani jibu haliko kwenye umri wa mtoto wala kwenye maneno. Liko kwenye kinachotokea akikataa. Nyumbani kwetu Ogwedhi, maombi ya jioni yakirefuka, mtoto aliyesinzia alibebwa akalazwa. Aliyecheka alikodolewa macho. Yule binamu yangu aliyefika miaka kumi na sita akasema hataki tena, aliambiwa akae kimya wenzake wamalize, kisha ugali ukaletwa na sahani yake ikawemo. Nyumba ile ilikuwa na imani kali, na bado ilikuwa na nafasi ya kimya. Mazoea yanaweza kugeuka imani mahali pa namna hiyo, kwa sababu siku moja mtoto hugundua kwamba angeweza kunyamaza na hakunyamaza. Shuleni kwetu aliyenyamaza alisimamishwa mbele, akirudia aliitiwa mzazi, na mzazi alikumbushwa ukurasa wa tatu. Mwanafunzi hakupata hata siku moja ya kujua kama anaomba au analipa.

Ndiyo maana nitatetea kitu ambacho walimu wenzangu walikuwa wakikidharau: mtihani wa CRE. Wakati wa KCPE, mpaka ilipokwisha 2023, maswali ya dini yalikuwa 30, yaliyobebwa na yale 60 ya somo la jamii, ya kuchagua A, B, C au D. Watu walisema ni aibu, ati unawezaje kupimia neno la Mungu kwa penseli. Na kweli kuna kitu cha kuchekesha katika kumtungia mtoto majibu matatu ya uongo kuhusu kwa nini Zakayo alipanda mti. Lakini lile swali ni la haki. Linauliza unajua nini. Mwislamu anaweza kulipata, asiyeamini anaweza kulipata, na hakuna aliyesema uongo. Yule binti alipata CRE alama za juu kuliko darasa zima, na hakuna siku niliyoona alama zile zina kasoro. Nilipoona kasoro ni asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, akiwa amefumba macho.

Hata wimbo wetu wa taifa ni maombi, ukiusikiliza vizuri. Watoto wa dini zote huuimba Jumatatu, na sijawahi kusikia mzazi akilalamika. Haumuulizi mtu Mungu wake ni yupi.

Rafiki yangu mmoja anafundisha katika akademi ya kanisa mjini Migori. Tulibishana haya yote Desemba, nikiwa nyumbani, mpaka taa ya sola ikazima. Muhula ulipofunguliwa, zamu yake ikafika, akabadilisha maneno ya paredi. Badala ya "tufumbe macho tuombe", alisema, "Mimi naomba sasa. Anayetaka kuomba nami, karibu. Asiyetaka atulie, asimsumbue mwenzake." Anasema siku ya kwanza watoto walitazamana tu, wakidhani ni mtego. Wiki ya pili wachache wakaacha macho wazi, mmoja wao mtoto wa pasta. Wengine, ambao hakuwatarajia kabisa, wakaanza kuomba kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba yeye aliyesimama mbele hakusikia wanasema nini. Mwalimu mkuu amemwita ofisini. Amemwambia wazazi wakipata habari kwamba kuna watoto hawaombi watahamisha, na akamtaka aandike maelezo. Ameandika ukurasa mmoja na nusu. Mpaka sasa bado hajajibiwa, na zamu yake inarudi wiki ijayo.